Vuta Pumzi, Achia

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua imeanza alfajiri na mpaka naandika haya haijakatika. Turubai letu linavuja upande wa miguuni. Mama mkwe wangu, Bi Ashura, amekinga sufuria, kisha anailalamikia sufuria kwamba inapiga kelele.

Leo kambini kaja msichana kutoka Dar es Salaam, jina lake Hafsa. Shirika lake limemtuma kwa ajili yetu tuliotolewa bondeni na maji. Wengine walioletwa kabla yake walikuja na unga na ndoo. Yeye alikuja mikono mitupu. Alitukusanya wanawake kwenye darasa moja la hii shule tuliyohifadhiwa hapa Mkongo, akatuambia kwamba mtu anaweza kutoka majini miguu ikakauka, lakini moyo ukabaki kule kule. Akauliza nani moyo unamwenda mbio bila sababu. Nikanyanyua mkono mie, kwa kuwa ni kweli. Tangu usiku ule wa Ramadhani mto ulipoingia majumbani, hata nikisikia ndoo inajazwa bombani kifua kinanibana mpaka nashika ukuta.

Akatufundisha kukaa. Mgongo wima, mikono juu ya mapaja, macho yamefumbwa. "Vuta pumzi kwa pua, polepole. Ishikilie. Sasa achia." Watu wakacheka. Mie sikucheka, maana mara ya tatu au ya nne niliposikia "achia" mabega yangu yalishuka yenyewe, nikagundua kwamba siku zote hizi nimeyabeba kama mtu aliyejitwisha mtungi.

Nilipomweleza Bi Ashura, alisema, "Tangu lini mtu akafundishwa kupumua? Mtoto akizaliwa nani anamfundisha?"

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Maharage.

Alhamisi, 25 Aprili

Hafsa ameniomba nisimamie darasa siku ambazo hayupo, kwa sababu anazunguka kambi nyingine na huku atafika Alhamisi tu. Kanichagua kwa kuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na pia, nadhani, kwa kuwa nilinyanyua mkono. Amenifundisha namna ya kuongoza: sauti ya chini, bila haraka, nisimlazimishe mtu kufumba macho.

Wanawake wameshaliita darasa la pumzi. Wengine wanakuja kukwepa mvua tu. Kuna aliyepeleka maneno kwa Sheikh Abdulatifu kwamba tunafundishwa ibada ya Wahindi. Sheikh akaja mwenyewe, akasimama mlangoni na mwavuli wake, akatusikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kukaa kimya na kuvuta pumzi si ibada na si dhambi. Dhikri zenu msiziache." Akaondoka. Walioshitaki wakawa wa kwanza kukaa mbele.

Jumapili, 28 Aprili

Leo jirani yangu Sikujua kaja darasani.

Turubai lake limepakana na letu. Huko bondeni mashamba yetu ya mpunga pia yalipakana, na mwanawe Mwantumu na binti yangu Safina walikuwa wakishinda pamoja. Usiku wa maji, Sikujua na mumewe Nurdini walipanda mtumbwi na mtoto wao. Gogo lililokuwa linasukumwa na maji likaugonga mtumbwi, ukapinduka. Watu waliwaokota mume na mke kwenye mwembe. Mwantumu hakuonekana, na mpaka leo hajaonekana.

Watu tumeacha kumwita Mama Mwantumu. Tunamwita Sikujua, jina lake la usichana, tusije tukamchoma. Hakuna aliyepanga. Ilitokea tu.

Alikaa nyuma karibu na dirisha. Nikasema vuta, akavuta. Nikasema achia, nikamwona midomo inatetemeka kidogo, kisha uso wake ukawa laini kabisa, kama maji yaliyotuama. Darasa lilipokwisha yeye hakuinuka. Nilifurahi. Nilijiambia: angalau kuna mmoja nimemsaidia.

Jumatatu, 29 Aprili

Safina ana homa. Si malaria, wamempima.

Jumatano, 1 Mei

Nurdini simwelewi. Kila siku baada ya swala ya alfajiri anatoka, anarudi jua linazama, tope mpaka magotini, hasemi neno na mkewe. Mwanamume gani anamwacha mke mwenye msiba peke yake kutwa nzima? Na msiba wenyewe haujakaliwa. Sheikh Abdulatifu alimwambia, wiki ile ya kwanza, kwamba maiti asiyeonekana anaswaliwa vilevile, sala ya ghaibu ipo. Nurdini akamjibu mbele ya watu, "Mtoto wangu hasaliwi wakati hajulikani alipo." Basi hakuna sala, hakuna matanga, hakuna aliyekaa na Sikujua akamwambia pole akaisikia. Watu wanampitia mlangoni wanainamisha macho.

Nimemwambia mume wangu Sadala kwenye simu. Yeye yupo huko delta, Mbwera, kwa kaka yake, anavua kamba mpaka tujue tutapewa wapi pa kujenga. Akanijibu, "Usimhukumu mwenzio. Hujui anakwenda wapi." Nikamwambia anakokwenda sikujui, ninachokijua ni anakotoka.

Ijumaa, 3 Mei

Redio inasema kuna kimbunga baharini, kinaelekea pwani yetu. Nimempigia Sadala mara nyingi, hapatikani.

Jumamosi, 4 Mei

Upepo tangu asubuhi. Maturubai mawili yameng'oka. Tulijazana madarasani, wanawake na watoto, na bati juu yetu linapiga kama linataka kuondoka. Watu walianza kulia. Mwanamke mmoja alipiga kelele kwamba mto unakuja tena. Hapo ikawa balaa, kila mtu anamvuta mwanawe, wengine wanataka kutoka nje kwenye upepo.

Mie mwenyewe kifua kilibana mpaka nikaona nyota. Nikakaa chini pale pale. Nikaanza kusema kwa sauti, nikijiambia mwenyewe zaidi kuliko wao: vuta pumzi, ishikilie, achia. Vuta, achia. Mmoja akakaa. Wa pili akakaa. Ikafika mahali darasa zima limekaa chini tunapumua pamoja, na upepo nje unafanya utakavyo. Bi Ashura naye alikuwemo, amemshika Safina mapajani. Sikupenda kumtazama sana asije akaacha.

Sikujua alikuwa katikati yetu. Tangu mwanzo wa purukushani hakusogea, hakushtuka, hata bati moja lilipong'oka kona ile. Macho yamefumbwa, mikono mapajani. Nikawaambia wenzangu, "Mtazameni Sikujua. Mtazameni alivyotulia."

Sasa Sadala kapatikana. Wamepoteza wavu, wao wazima. Alhamdulillahi.

Jumatano, 8 Mei

Tangu siku ya upepo darasa limejaa. Watu wananisalimia, "Mwalimu, shikamoo," hata walionizidi umri, kwa utani. Bi Ashura ananiambia kichwa kisinivimbe.

Mto unapungua. Kutoka hapa kilimani kambini unaona vichwa vya minazi, na baadhi ya mapaa.

Alhamisi, 9 Mei

Hafsa kaja. Nilimsimulia habari ya kimbunga na habari ya Sikujua, nikamwonyesha alivyokaa. Hafsa alimwangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza, "Anakula? Analala?" Nikamwambia anakula. Akaenda kuzungumza naye. Sikujua alimjibu vizuri kwa adabu, ahsante dada, sijambo dada, namshukuru Mungu. Hafsa akarudi akasema, "Nitakuja mapema wiki ijayo, nikae naye zaidi."

Nimejibu kwamba anakula. Nimekaa hapa najaribu kukumbuka, sikumbuki kumwona akila.

Jumamosi, 11 Mei

Leo nimepika wali wa nazi kidogo, nikampelekea Sikujua. Alinishukuru, akaweka bakuli pembeni. Nilirudi baadaye nikakuta bakuli lipo vilevile, nzi juu yake, na yeye kakaa mbele yake mgongo wima, macho yamefumbwa. Nikamwita. Akafumbua macho. "Nipo kwenye darasa," akasema. Akatabasamu.

Tabasamu lile limenifuata mpaka hapa nilipo.

Jumanne, 14 Mei

Jua. Tumeanika kila kitu.

Alhamisi, 16 Mei

Hafsa hakufika. Barabara ya Kibiti imekatika, wanasema daraja dogo limechukuliwa.

Sikujua alikuwa wa kwanza darasani na wa mwisho kuondoka. Amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Nilimwambia, shoga, leo twende kwangu ukae na watoto. Akasema, "Watoto wana kelele. Mie nimeshazoea kimya."

Jioni nilimsubiri Nurdini nimwambie mkewe anaumwa. Niliyaandaa maneno makali. Alipokuja, alikuwa amebeba kiatu cha mtoto kimoja, cha plastiki, cha buluu. Si cha Mwantumu. Nililijua hilo, na yeye alilijua. Ila kakiosha, kakibeba toka huko. Aliniamkia, "Habari za jioni, shemeji," akapita. Nikampisha.

Baadaye Mshamu, mwenye mtumbwi, akanieleza. Kila siku anamvusha Nurdini bondeni. Wanapiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kwenye matete, kwenye vichaka vilivyonasa takataka, shamba kwa shamba. Nurdini anashuka kwenye maji yenye mamba na kupapasa kwa mikono. Siku nzima. Hasemi anatafuta nini.

Na mie nilikuwa nasema anakimbia msiba.

Jumapili, 19 Mei

Nisipoandika leo sitaandika tena.

Asubuhi Sikujua hakuja darasani. Nikaenda kwake, hayupo. Bafuni hayupo, bombani hayupo. Mwanamke mmoja anayeuza vitumbua pale njiani akasema alimwona kapita na kanga mbili, anashuka upande wa bondeni, akamsalimia na akaitikia vizuri tu.

Nilikimbia mpaka ukingoni. Nikamkuta Nurdini na Mshamu, siku hiyo wamechelewa, ndio kwanza wanasukuma mtumbwi. Nilimwambia Nurdini, mkeo kateremka huku. Alinishika mkono akanipandisha. Sijapanda mtumbwi tangu usiku ule. Nilikaa chini kabisa, nimeshika kingo, nikijaribu ile pumzi, na pumzi haikuja. Nasema ukweli. Nimefundisha kambi nzima, lakini juu ya maji ilinikataa. Nilimwomba Mungu tu.

Maji yalikuwa ya kiuno mahali pengine, mahali pengine magoti. Tukapita juu ya mashamba yetu. Mpunga umelala, umeoza, unanuka. Mshamu akaonyesha kwa pondo. "Kuna mtu juu ya dungu."

Ni dungu lao, kile kibanda cha juu ya miti tunachokalia wakati wa kuamia ndege wasile mpunga. Nguzo moja imelegea, limeinama upande. Juu yake kakaa Sikujua. Mgongo wima. Mikono mapajani. Macho yamefumbwa. Kakaa kama nilivyomfundisha mie, barabara, bila kosa hata moja, na maji yanapita chini yake.

Nurdini alinyanyuka mtumbwini. Akanitazama. Nikamwambia Mshamu asogeze. Nikapanda ngazi, zile fito zilizobaki, nikakaa ubavuni kwake. Dungu likalia.

"Sikujua."

Kimya.

"Shoga, turudi. Hapa si pa kukaa."

Nikaona hata kifua hakipandi vizuri. Ndipo nikamwita jina ambalo kambi nzima tumelikimbia.

"Mama Mwantumu."

Akafumbua macho. Akanitazama kama mtu aliyeitwa toka mbali.

"Nyie kila siku mnaniambia achia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama tunazungumza bombani. "Vuta, achia. Vuta, achia. Na mie nafanya. Mie najua kuachia, Habiba. Usiku ule nilikuwa nimemshika mkono, huu hapa, nimemshika hasa, na akaniambia mama usiniachie. Nikamwachia."

Nilikuwa nafikiri ni mara ngapi nimelisema neno hilo mbele yake, kwa sauti ya chini, bila haraka, kama nilivyoelekezwa.

"Kwa hiyo nimekuja kumwambia," akasema, "kwamba nipo. Nimekaa hapa anapopajua. Akija atanikuta."

Chini, Nurdini alikuwa ameshuka mtumbwini. Alisimama majini, ameshika nguzo ya dungu kwa mikono miwili. Nilidhani hajasikia. Alikuwa amesikia yote.

"Hukumwachia," akasema.

Sikujua hakumtazama.

"Hukumwachia wewe. Mie nilikuwa nimeshalishika tawi, nikakukamata huku begani, nikakuvuta. Niliona gogo lingine linakuja. Nilikuvuta kwa nguvu zangu zote. Nilivyokuvuta ndipo mkono wako ukafunguka. Niliuona ukifunguka." Akapumzika. "Sikujua, ni mie. Kila siku nataka kukwambia, nikirudi nakukuta umefumba macho umetulia, nasema nimwache, kapata utulivu wake. Mie wangu sina. Ndiyo maana namtafuta."

Mshamu aligeuza uso kule kwenye matete.

Sikujua alimgeukia mumewe. Kisha mdomo ukafunguka, na sauti iliyotoka sijawahi kuisikia kwa mtu. Ilianza chini, ikapanda. Alilia mpaka yangeyange walioko shambani wakaruka wote. Alilia akijipiga mapaja yale aliyokuwa anaweka mikono, akitaja jina la mwanawe. Nikamshika asianguke. Neno nyamaza lilifika kwenye ulimi wangu, neno subira nalo likafika, nikayameza yote mawili. Nilimshika tu. Nurdini alipanda, dungu likazidi kuinama, na sikuweza kumwambia ashuke.

Mshamu ndiye aliyetukumbusha kwamba mti utavunjika. "Jamani, lieni huku mtumbwini," akasema.

Tukashuka. Njia nzima alilia. Tuliwasili kilimani analia, watu wakatoka kwenye maturubai, na Nurdini amembeba mgongoni kama mtoto.

Jumatatu, 20 Mei

Hajanyamaza. Amekunywa uji.

Jumanne, 21 Mei

Kuna wanaolalamika kwamba kelele zinawatisha watoto. Mmoja kaniambia, "Si ungemfanyia ile pumzi yako atulie?" Nilimjibu vibaya. Nimekwenda kumwomba radhi, lakini nilichomjibu sikijutii.

Darasa nimelifunga. Sijui nitasema nini mbele ya watu.

Alhamisi, 23 Mei

Hafsa kafika, gari lao limezungukia njia ya mbali. Nimemweleza yote tukiwa nyuma ya choo cha shule, mahali pekee pasipo na masikio. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya jiwe.

"Nilihisi kitu siku ile," akasema. "Nikaahirisha wiki moja."

"Na mie nilimsifia mbele ya watu," nikasema.

Hatukufarijiana. Baadaye akasema kuna watu wakifumba macho wanarudi kule kule walikoumia, na wa namna hiyo haachwi peke yake na ukimya wake. Anataka kumpeleka hospitali ya Mchukwi barabara ikitengemaa, aonane na daktari. Nurdini amekubali. Sikujua kasema atakwenda, lakini si kabla ya kesho.

Ijumaa, 24 Mei

Leo Mwantumu amesaliwa.

Nurdini alikwenda mwenyewe kwa Sheikh Abdulatifu jana magharibi. Baada ya Ijumaa wanaume walipanga safu kwenye uwanja wa shule, wameelekea kibla, na mbele yao hapana jeneza, hapana kitu, ni majani tu na mvua ya rasharasha. Nurdini alisimama safu ya kwanza. Sisi wanawake tulikuwa barazani. Takbira ya nne Sikujua alianza kulia kwa sauti. Mama mmoja mtu mzima akamshika bega, "Nyamaza, mwanangu. Subira. Unamzuilia mtoto safari."

Bi Ashura akauondoa mkono wa yule mama. Taratibu, bila ugomvi.

"Mwache," akasema. "Huyu kanyamaza vya kutosha."

Ndipo nikaona machozi ya mama mkwe wangu. Nimeolewa kwao miaka mingi, sikuwahi kuyaona.

Jumapili, 26 Mei

Matanga. Nimepika tangu alfajiri, mgongo umekatika. Watu wanakuja, wanakaa mkekani, wanamwita Mama Mwantumu. Kila mmoja ana lake la kusimulia juu ya mtoto yule: alivyomficha kuku wa jirani asichinjwe, alivyokuwa anaimba kasida kwa pua. Sikujua anasahihisha. "Hakuwa kuku, alikuwa bata."

Jumatano, 29 Mei

Nimelifungua darasa. Niliwaambia asiyetaka kufumba macho asifumbe, na anayetaka kulia asitoke nje. Lile neno sikulisema. Nilisema "toa pumzi". Hatukufika mbali. Mwanamke aliyekaa nyuma kabisa, ambaye hajawahi kusema kitu, alianza kusimulia alivyoacha mama yake mzee juu ya paa akaenda kutafuta mtumbwi. Mama yake alipatikana mzima, yupo hapa kambini, anakula vizuri. Lakini binti hajawahi kumtazama usoni tangu siku ile. Tulisikiliza mpaka adhana ya adhuhuri.

Mie kifua bado kinabana. Nimejua hivyo, na nakaa nacho hivyo. Asubuhi nikikaa kimya peke yangu nyuma ya turubai kinalegea kidogo, kisha kinarudi. Sadala anasema tutapewa kiwanja Dimani, mbali na maji. Sijui kama pana umbali huo.

Jumamosi, 1 Juni

Kesho Hafsa atakuja na gari kuwachukua wawili wale kwenda Mchukwi.

Adhuhuri nilikwenda kumsaidia Sikujua kufunga nguo zake. Nilimkuta Nurdini kakaa mlangoni pa turubai juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo ya kufukuzia kuku mkononi. Aliponiona alinyanyua kiganja, nisimame.

"Kalala," akanong'ona. "Tangu asubuhi. Anakoroma."

Watoto walikuwa wanakuja na mpira wao wa matambara, Safina wangu mbele. Nurdini aliwapungia mkono wapite mbali. Wakapita mbali. Akaja mtu wa kugawa sabuni, anatangaza kwa kipaza sauti. Nurdini aliinuka, akamfuata njiani, akamwambia kitu sikioni, na yule mtu akakizima kipaza sauti chake. Kisha akarudi akakaa juu ya ndoo, akaweka fimbo mapajani.

Nilivua ndala zangu, nikazishika mkononi, nikaondoka.